Hasira barabarani bila utingo

Katika mwaka wangu wa pili wa kuendesha lori hapa Marekani, msimamizi wa usalama wa kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi aliniita ofisini, akageuza kompyuta yake ili nami nione. Ilikuwa video ya sekunde chache iliyonaswa na ile kamera ndogo inayomtazama dereva, ambayo hurekodi pale breki zinapokanyagwa kwa nguvu. Haikuwa na sauti. Nilimwona mtu aliyevaa shati langu akifoka, mishipa ya shingo imemtoka, mkono mmoja ukipigapiga usukani, na katikati ya kufoka huko akageuza uso upande wa kushoto, kwenye kioo cha mlango, kama anayesubiri kuitikiwa. Msimamizi aliniuliza nilikuwa nikizungumza na nani. Sikuwa na jibu ambalo angelielewa, kwa sababu nilikuwa nikizungumza na utingo.

Nyumbani Tanzania usukani uko kulia na utingo hukaa kushoto. Kwa miaka mingi niliyopeleka mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Tunduma, kila nilipokerwa na basi, bodaboda au mtu wa mizani niligeukia upande huo na kuyamwaga yote, naye akaitikia, akaongeza chumvi, kisha akanichekesha. Sikujua kwamba huko ndiko kudhibiti hasira. Nilidhani ni soga tu.

Sisemi kwamba barabara ya nyumbani ni ya watu wapole. Yeyote aliyewahi kukwama kwenye mlima Kitonga baada ya semi moja kufia kwenye kona anajua jinsi mambo yanavyokwenda: magari madogo yanajaza upande wa pili, mabasi yanayafuata, na baada ya nusu saa hakuna anayepanda wala anayeshuka. Watu hutukanana hapo hadi sauti zinakauka. Lakini baadaye madereva hao hao hushuka, mmoja anakata majani na kuyatandaza barabarani kuwaonya wanaokuja, mwingine anatafuta jiwe la kuzuia tairi, na wakati njia inapofunguka aliyetukanwa na aliyetukana wameshaombana maji ya kunywa. Hasira ya kwetu hutoka kwa mdomo na mbele ya watu. Ubaya wake ni kwamba isipotoka kwa mdomo hutoka kwa usukani. Tuna ile desturi nzuri ya dereva wa lori kuwasha indiketa ya kushoto kumruhusu wa nyuma apite na ya kulia kumwambia asubiri, na nimemwona mwenzangu, kwa sababu tu basi lilimpigia honi vibaya, akiliwashia ya kulia kilomita baada ya kilomita ilhali mbele kulikuwa kweupe. Nilimcheka wakati ule. Leo nisingecheka.

Huku Marekani honi ni chache na lami ni pana, na mgeni anaweza kuamini kwamba hasira haipo. Ipo, ila imefungiwa ndani ya kichwa cha lori pamoja na mtu mmoja. Sheria inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11 ndani ya dirisha la saa 14 tangu aanze kazi, baada ya mapumziko ya saa 10, na tangu Desemba 2017 madereva wengi wa safari ndefu wanalazimika kutumia kifaa cha kielektroniki kinachohesabu muda huo chenyewe. Ni sheria nzuri kwa maana ya usingizi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunalipwa kwa maili, na sheria ya kazi ya mwaka 1938 inawatoa madereva wa mizigo ya kati ya majimbo katika haki ya malipo ya saa za ziada. Kwa hiyo ukicheleweshwa saa nne kwenye ghala, saa hizo zinakatwa kwenye dirisha lako la 14 ilhali mapato hayasogei, na unapoingia barabarani kila gari lililo mbele yako linaonekana kama linakuibia. Tangu shuleni tuliambiwa kwamba hasira ni hasara, lakini hatukuambiwa kwamba hasira ya dereva mara nyingi hutengenezwa ghalani na kwenye ratiba kabla hajakutana na huyo anayemtukana.

Siku ile ya video nilikuwa nimetoka ghalani nikiwa na saa tatu zilizobaki. Gari dogo liliniingilia mbele, nami nilichelewa kuachia mafuta kwa makusudi, ili ajue. Lori lililojaa huku hufikia tani 36, na kwa mwendo wa kilomita 105 kwa saa huhitaji zaidi ya mita 150 kusimama. Yeye akakanyaga breki, nami nikakanyaga zangu.

Kilichonisaidia zaidi baada ya hapo ni hesabu. Tunafundishwa kuacha sekunde moja kwa kila mita tatu za urefu wa gari, na sekunde moja zaidi tukizidi kilomita 64 kwa saa, yaani sekunde saba au nane kwa lori kama langu. Nafasi hiyo ni kubwa, na magari madogo huiona kuwa ni mlango. Basi nikajiuliza: wakiingia 100 kwa siku, na kila mmoja akanilazimu kurudi nyuma sekunde tatu, nitapoteza nini? Dakika tano. Nilikuwa nikihatarisha leseni yangu na roho za watu kwa dakika tano, nami nilikuwa nimepoteza saa nne ghalani nikiwa nimekunja mikono kwa adabu.

Ndiyo maana ninasita ninapowasikia jamaa wa nyumbani wakisema kwamba dawa ni kuleta mashine za saa na kamera za ndani. Zije, lakini zikija peke yake, huku dereva akiendelea kulipwa kwa tripu na foleni ya mpakani Tunduma ikihesabiwa kuwa ni mapumziko yake, zitamfungia hasira mtu ambaye hadi leo alikuwa na pa kuitolea. Jambo ambalo ningelipeleka nyumbani kesho ni ule umbali wa sekunde saba, na jambo ambalo ningelileta huku ni mtu wa pili kwenye kiti cha abiria, ingawa najua hakuna mwajiri atakayemlipia.

Kwa sasa ninaye kwa namna fulani. Kushika simu mkononi ni marufuku kwa dereva wa lori tangu 2012, lakini kusikiliza kwa kifaa cha sikioni kunaruhusiwa, na kuna mwenzangu wa Mombasa anayepita I-80, barabara kuu inayokatiza Marekani, saa zile zile ninazopita mimi, yeye akielekea magharibi na mimi mashariki. Hatuzungumzi mambo mazito. Akisikia nimenyamaza ghafla huuliza, "Nani tena, ndugu yangu?" Nami humweleza rangi ya gari na alichokifanya, huku nimegeukia kioo cha kushoto.