Hukumu ya Ugumba Ije na Sababu Zake

Wifi yangu alitoka kupimwa katika kituo kimoja hapa Tanga akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Tulipoifungua barazani, Ngamiani, tulikuta jina la homoni, projesteroni, namba moja iliyo chini ya kiwango, na maneno mawili ya kalamu ya bluu: "Mayai hayapevuki." Damu ilikuwa imechukuliwa siku ya 21 tangu hedhi ianze. Hakuna aliyemuuliza mzunguko wake ni wa siku ngapi, na wake ni wa siku 35.

Homoni hiyo hupanda baada ya yai kutoka, ndiyo maana hupimwa takriban siku saba kabla ya hedhi inayofuata. Siku ya 21 humfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Wifi yangu alipaswa kupimwa siku ya 28, kwani siku ile aliyotolewa damu huenda yai lake ndiyo kwanza lilikuwa linatoka. Miezi minne aliishi na karatasi ile, na wapo waliomwita tasa bila hata kushusha sauti.

Nalieleza hili kwa sababu kompyuta nazo sasa zinafundishwa kutambua ugumba. Mtandao wa neva bandia, yaani programu ya kompyuta iliyoundwa kwa kuiga ubongo, hujifunza kutokana na kumbukumbu za wagonjwa waliotangulia, kisha hutoa jibu. Lakini ujuzi wake umetawanyika katika maelfu ya namba ambazo hata aliyeutengeneza hawezi kuzisoma akaelewa. Ukilishwa karatasi kama ile ya wifi yangu, utalirithi kosa lake, na watu wataliamini zaidi kwa kuwa limetoka kwenye mashine.

Dawa yake ipo, nayo si ngeni. Mwaka 1993 Geoffrey Towell na Jude Shavlik, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha njia ya kuchota kutoka ndani ya mtandao kanuni za kimantiki za namna hii: ikiwa masharti kadhaa kati ya haya yametimia, basi jibu ni hili. Madaktari wa uzazi wanaijua sura hiyo. Vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 kuhusu ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi vinadai mambo mawili kati ya matatu: mayai kutopevuka ipasavyo, homoni za kiume kuzidi, na ovari kuonekana na vifuko vingi kwenye ultrasaundi, baada ya maradhi mengine yanayofanana nao kuondolewa. Muuguzi anaweza kumsomea mgonjwa kanuni hiyo kwa Kiswahili, na mgonjwa akauliza.

Kwa maoni yangu, mashine isiyoweza kutoa kanuni yake isiruhusiwe kumwambia mwanamke yeyote kwamba hazai. Tena kanuni iliyochotwa ipimwe kwanza ni mara ngapi inakubaliana na mtandao wenyewe, maana kanuni nyepesi inaweza kuficha yale ambayo mtandao unayatumia kweli. Lakini "siku ya 21" ikishaandikwa waziwazi ndani ya kanuni, mkunga yeyote mzoefu ataisimamisha pale pale.

Kipimo kiliporudiwa siku ya 28, namba ilikuwa juu. Ndipo kaka yangu, ambaye kwa miaka mitatu ya ndoa hakuwahi kuambiwa apime mbegu zake, alipoandikiwa naye karatasi ya maabara.