Daktari Mgeni wa Wodi ya Mifupa: Ashike Kisu Mapema au Asubiri?

Malindi haikosi mifupa iliyovunjika. Bodaboda zagongana, wagema waanguka minazini, na daktari mwanagenzi aliyepangiwa wodi ya mifupa huanza kazi kabla hajajua plasta zinawekwa wapi.

Kuna madaktari bingwa wasemao mwanagenzi aachiwe kisu mapema, mkono ufunzike. Hawajakosea. Kesho huyohuyo atapelekwa Lamu, ambako rufaa huanza kwa boti hadi Mokowe ndipo barabara ifuate. Asipojifunza sasa kuosha kidonda cha mfupa uliotokeza nje, atajifunzia wapi?

Wengine husema mgonjwa si wa kufanyiwa mazoezi, nao wana ushahidi. Chukua kijana aliyevunjika muundi, plasta imefungwa vizuri. Saa saba usiku analia maumivu, dawa hazimtulizi, na vidole vyake vikinyooshwa anapiga ukelele. Vidole vina joto, mapigo yapo. Mgeni huongeza dawa akaenda zake. Kumbe misuli imevimba ndani ya utando usiotanuka, damu haipenyi, na muda wa saa sita hivi ukipita, misuli huanza kufa. Plasta ilitakiwa ipasuliwe yote papo hapo na bingwa aitwe.

Naona pande zote mbili zabishania kisu, ilhali kilichokwamisha hapo ni simu. Mgeni huogopa kumwamsha mkubwa, asije akaonekana hajui. (Nesi wa zamu mara nyingi ameshang'amua, ila hakuna anayemuuliza.) Hali zinazolazimu simu ziandikwe na kubandikwa wodini, hapo kupiga kutakuwa utaratibu, si aibu.

Watasema karatasi hutiwa alama bila kusomwa. Kweli hutokea. Lakini orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilipojaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ya Tanzania, matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Humo kila aliye thieta hujitaja jina na kazi yake, mgeni naye.

Malipo ni mzigo mwingine. Mgomo wa madaktari wa Kenya wa 2024 ulichochewa na serikali kutaka kuwalipa wanagenzi shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya takriban 206,000 za mkataba wa 2017. Ila hata mwanagenzi akilipwa zote, bingwa akiwa mmoja na zamu ni yake kila usiku, bingwa huyo ataipokea simu kwa ukali. Kaunti imtafutie mwenzake, au ipange zamu ya simu na mabingwa wa Mombasa.