Siku Mjomba Alipopuliziwa Salfa

Ardhi ya shamba letu la korosho ni ya ukoo wa mama, kwa kuwa Wamakonde wa Newala tumezoea kurithishana kwa upande wa kikeni. Lakini mikorosho yenyewe aliipanda baba kwa mikono yake. Mpango huo haukumnyima mtu usingizi hadi bei ya mnadani ilipopanda, ndipo mjomba, kaka mkubwa wa mama, alipokumbuka ghafla kwamba mstari mmoja wa mikorosho ya mpakani ni wake. Hoja yake ilikuwa moja tu, naye aliirudia katika kila kikao: msimu uliopita yeye ndiye aliyeupulizia dawa mstari ule, na mwenye kupulizia ndiye mwenye mti.

Tangu hapo wazee hao wawili waliacha kusemezana, jambo ambalo lingekuwa jepesi kama wasingenifanya mimi kuwa simu yao. Msibani, wakiwa wamekaa mkeka mmoja na magoti yao yakikaribia kugusana, baba aliniambia, “Mwambie mjomba wako asogeze mguu.” Kabla sijafumbua kinywa, mjomba akajibu, “Mwambie baba yako mguu huu umekaa juu ya ardhi ya ukoo.”

Asubuhi ya kikao cha mwisho baba alinituma kupulizia salfa mapema, kwani maua yalikuwa yameanza kutoka, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu ambao salfa ndiyo dawa yake, ukiyawahi hakuna korosho utakayookota. Salfa ya unga hupuliziwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yangali na umande wa kuinasa. Nilijifunga kitambaa puani, nikabeba mashine mgongoni na kuiwasha. Na mashine ile ikishanguruma, hata ukiitwa kwa jina la babu yako husikii. Nilianzia kwenye mstari wa ugomvi, kama nilivyoagizwa.

Nisichokijua ni kwamba mjomba alikuwa ametangulia shambani kuhesabu miti yake kabla ya kikao, akiwa na kanzu nyeupe na kofia ya Ijumaa. Aliponiona nakuja, akajificha chini ya mkorosho. Mkorosho mkubwa huteremsha matawi hadi ardhini, na mtu akiingia humo haionekani hata miguu yake. Niliuzunguka mti ule taratibu, nikaupulizia kila upande, tena kwa ukarimu, maana ulikuwa na maua mengi.

Matawi yakafunguka, akatoka mtu wa manjano tangu kofia hadi makubadhi, macho kayafumba, mikono kainyoosha mbele, anapiga chafya. Mama, aliyekuwa akiniletea chai, alitupa birika na kuanza kusoma dua kwa sauti. Dua ilikatika pale jini lile lilipomwita kwa jina lake la utotoni na kumwomba maji.

Maji kwetu si jambo la kuombwa ovyo. Wakati wa kiangazi tunategemea yale ya mvua tuliyoyavuna kisimani, kwa hiyo mama alimpa kata moja ya macho, na kanzu ikabaki kama ilivyo. Hivyo ndivyo mjomba alivyoingia kikaoni, akinuka salfa na kuacha nyayo za manjano ukumbini, huku wazee wakitazama chini ili wasicheke.

Baba hakutazama chini. Alimkagua juu hadi chini, kisha akasema naye moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu msimu uliopita: “Shemeji, salfa hiyo nimeinunua mimi. Kwa kauli yako mwenyewe, kuanzia leo wewe ni mali yangu.”

Mzee mmoja alicheka hadi akashindwa kukaa. Mjomba alijipangusa kope, akafikiri, halafu akaketi mkekani karibu kabisa na baba.

“Sawa, shemeji,” alisema. “Mali hutunzwa. Nami tangu jana sijala.”

Kikao kiliahirishwa hadi baada ya mavuno. Mjomba alimaliza mihogo yote ya chai, akauliza kama kuna ming'oko, vile viazi vya porini, na alipoambiwa ipo lakini haijachemshwa, alisema atasubiri.