Alama nne za mkondo B

Kikao cha matokeo ya muhula kilianza saa nane mchana, saa ambayo mabati ya Dodoma hupasuka kwa jua, na kufikia saa tisa mwenzetu mmoja alikuwa ameshaambiwa aandike barua ya kujieleza. Kosa lake ni kwamba mkondo A wa kidato cha tano walipata wastani wa 51 katika hisabati, na mkondo B, anaoufundisha yeye, wakapata 47. Mwalimu wa taaluma aliziandika namba hizo ubaoni, akachora mshale, akaandika 4, akaizungushia duara. Hakuna aliyeuliza kitu. Hata mimi sikuuliza, na linaniuma mpaka leo, maana mwalimu wa takwimu pale ni mimi.

Shule siitaji. Na wala si lazima, maana vikao vya namna hiyo ni vingi kuliko mibuyu.

Swali lililotakiwa ni hili. Tuseme walimu wote wawili ni sawasawa kabisa, na wale wanafunzi 94 wamegawanywa kwa kura tu, huku 48 na kule 46. Tofauti ya alama nne ingejitokeza yenyewe mara ngapi? Kama ni mara kwa mara, lile duara ni chaki iliyopotea bure. Kama ni kwa nadra sana, basi tukae chini tutafute sababu. Somo zima la kupima tofauti kati ya makundi mawili limo ndani ya swali hilo. Kanuni, majedwali na herufi za Kigiriki vilikuja baadaye, kwa ajili ya kulijibu haraka.

Ugomvi wangu na namna tunavyolifundisha ni kwamba tunaanzia mkiani. Mwanafunzi anapewa kanuni, anaijaza namba, anafungua jedwali nyuma ya kitabu, analinganisha, kisha anaandika "tunaikataa nadharia tete" au "hatuikatai". Maksi zote anapata. Muulize amekataa nini, atakutazama kama mtu aliyeshuka sasa hivi kwenye basi la Bukoba ukamwamkia kwa Kigogo, "mbukwenyi".

Mimi siku hizi naanza na makopo. Makopo manane ya Blue Band yaliyotobolewa chini, udongo wa nyuma ya bweni, na mtama. Manne yanatiwa samadi ya mbuzi, manne hayatiwi. Tunasubiri wiki tatu, halafu tunachukua rula.

Mwaka wa kwanza niliharibu mwenyewe. Niliwaacha wanafunzi wachague ni makopo yapi yatiwe samadi, wakati miche imeshaota. Wakachagua yale yenye miche iliyonona. Nilipouliza sababu, kijana mmoja wa Bahi alinijibu bila kusita: "Mwalimu, samadi huwezi kuipoteza kwenye mche unaokufa." Shambani kwao hiyo ni akili timamu. Kwenye jaribio ni msiba, kwa sababu miche iliyopata samadi ndiyo ileile ambayo ingerefuka hata bila samadi, na baada ya hapo hakuna hesabu duniani inayoweza kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Tangu siku hiyo tunapiga kura kwanza. Vikaratasi vinane vinaingia kwenye kofia, vinne vina herufi S, na anayechota anafumba macho. Hata nafasi ya kopo barazani tunaipigia kura, maana upande wa mashariki unapata jua mapema.

Mwaka jana miche yenye samadi ilifika sentimita 27, 28, 31 na 34, wastani 30. Isiyo na samadi ilifika 22, 24, 25 na 29, wastani 25. Tofauti ni sentimita tano. Darasa likashangilia, samadi imeshinda. Nikawaambia watulie, wachane karatasi za madaftari ya zamani, waandike namba hizo nane, kila moja kwenye kipande chake.

Kisha nikawaambia: tuseme samadi haikufanya lolote (hiyo ndiyo nadharia tete yenyewe). Basi mche wa sentimita 31 ungefika 31 hata kama kura ingeupeleka upande wa pili. Kilichouweka huku ni kofia tu. Kwa hiyo hebu tuirudie kura ile. Changanya vipande, gawa vinne kushoto na vinne kulia, tafuta wastani wa kila upande, toa. Njoo ubaoni uweke nukta yako.

Wanafunzi 40, wawiliwawili, kila jozi mara kumi, kwa hiyo nukta 200. Dakika kumi za mwanzo ni fujo tupu, vipande vinaruka kwa upepo, mmoja anamshutumu mwenzake kwamba hachanganyi vizuri. Halafu kichuguu kinaanza kuota ubaoni. Nukta zinarundikana karibu na sifuri, zinapungua kadiri unavyokwenda pembeni, na kule kwenye tano zinakuwa za kuhesabika. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaacha kugawanya. Nikadhani amechoka. "Mwalimu, jumla ya zote ni 220, haibadiliki. Mimi najumlisha upande wa kushoto tu. Ikifika 120, tofauti ni tano." Nikakaa kimya, nikamwachia chaki. Darasa zima likaacha kugawanya.

Tofauti ya tano au zaidi kwa faida ya kushoto ilitokea mara 11 kati ya 200. Ndipo akatokea mwingine, wa aina ile ambayo kila darasa huwa naye, akauliza kwa nini tunabahatisha wakati njia za kuchagua vinne kati ya vinane zinahesabika. Zinahesabika kweli, ni 70. Na zinazofikisha 120 ni tatu tu: 28, 29, 31 na 34; 27, 29, 31 na 34; na ile yetu yenyewe. Tatu kati ya 70, kama asilimia 4.3.

Hiyo ndiyo thamani ya p. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake, walikuwa wameishika mikononi. Ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii au kuizidi, endapo samadi haina kazi. Siyo uwezekano kwamba samadi haina kazi. Hayo ni mambo mawili, na watu wenye shahada mbili huyachanganya kila siku.

(Makopo sita hayatoshi, kama unataka kujaribu. Tatu kwa tatu zina njia 20 tu, kwa hiyo hata matokeo mazuri kupita yote yanakupa moja kati ya 20, yaani asilimia tano, mstari ambao kwa desturi hutakiwa kushuka chini yake.)

Sasa lile lililotumalizia kipindi. Mwanafunzi mmoja, baba yake ana mizabibu, alisema samadi mbichi huunguza mche. Je, kama miche yenye samadi ingekuwa mifupi kwa sentimita tano, tusingesema pia kuna jambo? Tungesema. Basi kwa nini tunahesabu upande mmoja? Ukihesabu pande zote mbili zinakuwa sita kati ya 70, asilimia 8.6. Kwa upande mmoja tuko chini ya ile asilimia tano, kwa pande mbili tuko juu. Darasa likagawanyika kama Simba na Yanga. Nilichowaambia ni kwamba uamuzi huo hufanywa kabla rula haijagusa mche. Ukishaona namba, kila mtu anaujua upande anaoutaka.

Wakauliza hiyo asilimia tano kaiweka nani. Ronald Fisher, mwanatakwimu Mwingereza, mwaka 1925, katika kitabu alichowaandikia watafiti, aliona mara moja katika ishirini ni kipimo kinachofaa kwa matumizi. Basi. Haikushuka na mvua ya Desemba.

Wenzangu huniambia kuchanganya karatasi ni michezo ya chekechea, t, ile kanuni ya vitabuni ya kulinganisha wastani wa makundi mawili, ndiyo hesabu ya watu wazima. Mimi huwajibu kwa habari ya mtu aliyeileta hiyo t. William Gosset alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Shida yake ilikuwa sampuli ndogo, vipimo vichache vya shayiri na bia, na kwa vipimo vichache hesabu za wakati ule hazikuaminika. Makala yake ya mwaka 1908 aliiandika kwa jina la "Student", yaani Mwanafunzi, kwa kuwa kiwanda hakikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao. Na kabla ya kuiamini kanuni yake alifanya nini? Alichukua vipimo vya urefu na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto vya wahalifu 3,000, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya kadi, akavichanganya sawasawa, akavigawa vinnevinne, sampuli 750. Vinnevinne, kama makopo yangu. Ikiwa Gosset alianza na kadi, mtoto wa kidato cha sita ana haraka gani?

Kinachonisukuma kuandika haya lakini si Gosset. Ni kijana niliyemfundisha, sasa yuko chuo mwaka wa tatu, alikuja nyumbani Jumapili moja. Shikamoo mwalimu, marahaba, habari za masomo, na kabla chai haijapoa akafungua kompyuta. Utafiti wake unalinganisha makundi mawili ya wakulima wa alizeti, waliopata mafunzo na wasiopata. SPSS, programu ya takwimu, imempa thamani ya p ya 0.06. "Mwalimu, nikiwatoa wawili hawa inashuka hadi 0.04." Aliniambia kwa furaha, kama mtu aliyepata njia ya mkato ya kukwepa foleni. Nikamuuliza hao wawili wana kasoro gani. Akasema hawana, ila wanaharibu.

Sikumlaumu sana. Tulimfundisha kwamba chini ya 0.05, ile asilimia tano, ni kufaulu na juu yake ni kufeli, na Mtanzania aliyepita shule anajua kufeli maana yake nini. Mwaka 2016 Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko, mojawapo ya hoja zake ikiwa kwamba uamuzi wa kisayansi usitegemee tu kama thamani ya p imevuka mstari au haijavuka. Kijana wangu hakuwahi kulisikia. Nikamwambia awarudishe wale wawili, aandike 0.06, kisha aeleze ni magunia mangapi kwa ekari yanayowatofautisha wakulima hao, kwa sababu hilo ndilo mkulima wa Kondoa atakalouliza. Alinisikiliza kwa adabu. Kama aliwarudisha sijui.

Lugha nayo inatuponza. Tunasema tofauti ni "muhimu kitakwimu", na msikilizaji analisikia neno la kwanza tu. Nusu sentimita ya mtama inaweza kuwa "muhimu kitakwimu" ukiwa na makopo elfu kumi, na isimfae mtu hata kwa kuni. Darasani nasema "tofauti isiyoelezeka kwa bahati". Ni ndefu, lakini haidanganyi.

Huwa nawapeleka pia Kongwa, kwa maneno tu, basi la shule halina mafuta ya kutosha. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi wa karanga. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Matrekta yalishuka kabla ya jaribio dogo la maana kuuliza kama udongo ule, unaokauka ukawa kama saruji, na mvua ile ya kubahatisha vingeweza kuzaa karanga kwa kiasi walichokiandika. Mwaka 1951 waliuacha, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwenda. Wanafunzi hucheka. Mmoja aliwahi kusema hawakuwa na makopo.

Sasa turudi mkondo B. Wiki ile ile baada ya kikao niliomba alama zote 94. Kuzichanganya kwa mkono ningekesha, nikaiachia kompyuta, mara 1,000. Alama za watoto wale zimetawanyika sana, wapo wenye 20 na wapo wenye 80, na kwa mtawanyiko huo bahati peke yake ilitoa tofauti ya alama nne au zaidi, kwa upande wowote, mara 203. Moja katika tano. Hiyo haimaanishi walimu wale wako sawa. Kwa idadi ile, hata tofauti ya kweli ya alama nne ingeweza kujificha humo ndani na tusiione. Inamaanisha tu kwamba lile duara halikuwa na la kusema.

Na hata lingekuwa nalo, mikondo yenyewe haikupangwa kwa kura. Mkondo A ni walioripoti mwanzo. Mkondo B ni waliokuja na uchaguzi wa awamu ya pili, wengine wakiwa wameshakosa mwezi mzima wa masomo. Ni miche ya Bahi ileile, samadi kwa ulionona.

Nikaenda ofisini kwa mkuu wa shule na karatasi yangu. Aliisoma yote, nampa haki yake. "Kwa hiyo Mwalimu, tofauti ipo au haipo?"

"Ipo, Mkuu. Nne ni nne. Ila siwezi kukwambia imetoka kwa mwalimu."

Nikapendekeza mwakani mikondo ipangwe kwa kura. Akamwita mwalimu wa taaluma, ambaye alisema wazo ni zuri, lakini wazazi wa mkondo A watalalamika. Nikauliza kuhusu ile barua ya kujieleza. Ilikuwa imeshawasilishwa siku tatu kabla. Mwenzangu ameniambia aliandika kwamba vitabu havitoshi, na kwamba atajitahidi.