Kura milioni 6 za California zisizozaa mjumbe

Mwaka 2020 Donald Trump alipata kura nyingi zaidi California, ngome ya Democratic, kuliko Texas, ngome ya chama chake cha Republican: zaidi ya milioni 6 dhidi ya milioni 5.9 hivi. Za Texas zilimpa wajumbe 38, yaani watu wanaopiga kura ya mwisho ya kumchagua rais kwa niaba ya jimbo. Za California hazikumpa hata mmoja, maana majimbo ya Marekani humpa mshindi wajumbe wote. Maine na Nebraska tu ndiyo huwagawa. Mwenye wajumbe 270 kati ya 538 ndiye rais, hata akizidiwa kura za wananchi, kama Hillary Clinton alivyomzidi Trump mwaka 2016 kwa karibu milioni 2.9 na bado akaikosa Ikulu.

Watetezi wa mfumo huu husema unayakinga majimbo madogo yasimezwe. Kihesabu wana hoja: Wyoming, yenye watu wasiofika 600,000, ina wajumbe 3, California, yenye watu milioni 39 hivi, ina 54. Lakini nani anahangaika kuomba kura Wyoming? Mwaka 2024 pesa na misafara vilimiminwa Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Kinacholipa ni jimbo kutotabirika, wala si udogo wake. Mfumuko wa bei uliofika asilimia 9.1 Juni 2022 uliwaumiza Wamarekani wa kila jimbo, ila aliyebembelezwa kwa machungu hayo ni mkazi wa Pennsylvania. Trump aliyazoa majimbo yote hayo saba.

Hoja yao nzito, kwangu mimi, ni nyingine. Mwaka 1960 Kennedy alimshinda Nixon kwa kura zaidi kidogo ya 100,000 nchi nzima. Kama kura za wananchi ndizo zingeamua, ugomvi ungeenea hadi kila kituo. Kwa wajumbe, hubanwa katika majimbo machache. Sawa. Ila Florida mwaka 2000 inaonyesha upande wa pili: tofauti ya kura 537 iliifikisha nchi Mahakama ya Juu, wakati Al Gore, aliyeukosa urais mbele ya George W. Bush, alikuwa anaongoza kitaifa kwa zaidi ya nusu milioni.

Na hofu ya kupata rais wa upande mmoja wa nchi ina tiba nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka mshindi avuke nusu ya kura zote, kisha apate walau asilimia 25 katika kaunti 24 kati ya 47. Hakuna kura inayotupwa kwa kupigwa kwenye ngome ya mpinzani.

Marekani ilikaribia kubadilika. Mwaka 1969 Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 338 dhidi ya 70 marekebisho ya kufuta wajumbe. Mwaka uliofuata yakakwama Seneti. Mwaka 2024 Trump alishinda kwa wajumbe na kwa kura za wananchi pia, malalamiko yakapoa. Kubadili Katiba kunahitaji ridhaa ya majimbo 38 kati ya 50, hivyo 13 yakigoma, imekwisha. Na majimbo yanayobembelezwa kila baada ya miaka minne sioni yatagomea nini kubembelezwa.