Saa isiyotaka matuta

Marehemu mjomba aliacha shamba, ng'ombe wawili na saa ya mfukoni. Wenzangu wakagawana shamba na ng'ombe. Mimi nikaambiwa, "Wewe ndiye msomi, chukua saa." Ng'ombe hata akifa unakula nyama!

Ni ya fedha kweli, hilo sibishi. Ndani ya kifuniko kuna muhuri wa simba wa Uingereza, mguu wa mbele kauinua, maana yake katika sehemu 1000, 925 ni fedha. Nikaipeleka kwa fundi saa anipe bei. Akaifungua, akabana lenzi jichoni, akanyamaza. Fundi akinyamaza, shika pochi.

"Mzee, hii ni dupleksi."

Nikadhani ni ugonjwa. Kumbe ni gurudumu la ndani linaloachia mwendo kidogo kidogo, lina meno ya aina mbili: marefu ya kuzuia, mafupi ya kusukuma. Mwingereza Thomas Tyrer alilichukulia hataza mwaka 1782. Lile gurudumu jingine linalocheza huku na huku, likienda linasukumwa, likirudi linajitegemea. Ukiiweka sikioni, saa inachechemea.

"Inatunza majira vizuri," fundi akasema, "ila haitaki kutikiswa. Ikishtuliwa vibaya inasimama."

Haitaki kutikiswa, na mimi nakaa Sakina, Arusha, kwenda mjini ni matuta!

Kesho yake nikaijaza kwa kiufunguo chake, nikailinganisha na redio, nikapanda Hiace. Kiti cha watu watatu tuko wanne. Tuta la kwanza, saa hai. Tuta la pili, konda kanikalia mapajani. Tunakaribia Mnara wa Saa, mama mmoja kauona mnyororo unavyong'aa kifuani.

"Shikamoo baba. Eti saa ngapi?"

Nikaitoa taratibu, kama bwana shamba wa zamani, gari zima shingo zimegeuka. Saa inasema bado tuko Sakina. Nikamtazama konda. Konda akatoa simu.

Nyumbani mama watoto hakucheka, jambo ambalo ni baya zaidi. "Kama haitaki gari, si utembee nayo?"

Basi sasa natembea, mkono kifuani kama mgonjwa wa moyo. Jana Hiace ileile ikanipita, konda kaning'inia mlangoni: "Mzee wa saa, umechelewa!"

Nikaitoa nikaitazama. Kweli nimechelewa. Dakika 43 kamili.