Tulegeze kanuni ili kuinusuru Mahakama ya Afrika Mashariki?

Ukiwauliza mawakili wa Arusha kuhusu Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, watakutajia mambo mawili. Mkataba wa Jumuiya unampa mwananchi miezi miwili tu ya kufungua shauri. Tena ibara ya 27 inaahidi tangu 1999 kuiongezea mahakama mamlaka ya haki za binadamu, na itifaki yake, yaani mkataba wa nyongeza, haijaja.

Miezi miwili ni kitu gani kwa wanakijiji wanaoondolewa kwenye ardhi yao? Waitishe mkutano, wachangishane hela ya wakili, wafuatilie barua wilayani. Wakifika mahakamani, serikali inaweka pingamizi la awali kwamba wamechelewa, na shauri linatupwa kabla hoja hazijasikilizwa.

Kurekebisha Mkataba kunataka maafikiano ya wakuu wa nchi, kisha nchi zote 8 ziridhie. Ndiyo maana wapo wanaotaka kanuni hiyo ilegezwe, theluthi mbili ya nchi zitoshe. Wana hoja: nchi moja isiyopenda kushtakiwa inaweza kuzikwamisha saba.

Ila mimi siwezi kuisahau 2006. Novemba mwaka huo mahakama ilizuia wabunge waliopendekezwa na Kenya wasiapishwe kuingia Bunge la Afrika Mashariki, kwa sababu ya namna walivyopatikana. Mwezi uliofuata tu, marais wakaubadili Mkataba. Humo ndimo ulimozaliwa huo ukomo wa miezi miwili, pamoja na sababu mpya za kumwondoa jaji. (Divisheni ya Rufaa nayo ilitoka humo, tusiwanyime haki yao.) Mwaka 2008 mahakama ikasema wananchi hawakushirikishwa, lakini haikuyafuta mabadiliko. Yote hayo yalipita kwa kanuni hii hii tunayoiita ngumu. Nchi zilikuwa tatu, kweli, ila zilipotaka ziliweza. Je, tukizipa mlango mwepesi zaidi siku zikiudhiwa na hukumu?

Kwa hiyo kanuni ya kurekebisha Mkataba ningeiacha. Penye nafasi ni kwenye itifaki: Mkataba unaruhusu nchi kwenda kwa kasi tofauti, basi zilizo tayari zitangulie. Raia wa zitakazobaki nyuma wataumia, hilo halifichiki. Watanzania wanalijua tangu serikali ilipotangaza, Novemba 2019, kuondoa tamko lililowaruhusu kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mahakama nyingine iliyoko Arusha hapa hapa.

Ukomo wa miezi miwili hautibiki kwa itifaki. Huo unazihitaji nchi zote nane, na vyama vya mawakili vingeanza kwa kudai angalau majaji waruhusiwe kuongeza muda penye sababu ya msingi.